Mguu wa Kulia Haukujua Kushuka

Kila aliyeniona nikirudi Kwale nikiwa na ndala miguuni na bandeji gotini ameniuliza mawili: umeanguka wapi, na baiskeli iko wapi. Nimechoka kueleza vipande vipande pale kwa muuza kahawa, huyu akisikia mwanzo, yule akisikia mwisho, kisha wanakutana na kubishana kana kwamba walikuwapo. Naandika mara moja, msome nyote. Kuanguka, nilianguka kila mahali penye watu. Baiskeli ina habari yake.

Uani, Kwale

Mnajua nilivyoipata. Yule mgeni aliyekuwa akihesabu ndege wa msituni, niliyekuwa nikimtunzia bustani, alimaliza kazi yake akaniachia baiskeli pamoja na viatu vyake. Miguu yetu ni namba moja. Nilidhani viatu ni nyongeza tu, kumbe viatu na baiskeli ile ni kitu kimoja. Pedali zake hazina pa kukanyaga. Ni vifundo vidogo vya chuma, na chini ya kila kiatu kuna kichuma kilichoshikwa kwa skrubu mbili. Unakanyaga, unasikia tak, na mguu umefungwa. Huwezi kuuinua. Ili utoke lazima uzungushe kisigino kwenda nje. Nilijaribu kuiendesha kwa ndala; mguu uliteleza, pedali ikanichuna muundi nikaona weupe wa mfupa, nikakaa chini kwanza.

Mgeni alinifundisha jioni moja. Alinisimamisha kando ya ukuta wa nyumba, ukuta ukiwa kulia kwangu. Nikauegemea kwa mkono wa kulia, nikautoa mguu wa kushoto. Tak, nje. Tak, nje. Mara nyingi mpaka mguu ukafanya wenyewe.

"Na wa kulia?" akaniuliza.

Nikamwambia wa kulia utafuata. Kesho yake alisafiri, nami sikugeuza baiskeli hata mara moja niuegemee ukuta kwa upande wa pili.

Nilijua pa kuipeleka. Baba yangu, Mzee Hamisi, anakaa kijijini karibu na Lunga Lunga. Alikuwa muuza samaki wa baiskeli: alfajiri anachukua samaki Vanga, mchana amefika bara kwa wafugaji, tenga likinuka kuliko yeye. Nilipoacha shule, darasa la saba, niliondoka na baiskeli yake bila kumwambia, na sikuirudisha. Imepita miaka kumi na minne. Dada yangu Mwanasiti hunipa habari kwa simu. Kila nikimwambia ampe baba nimsalimie, nasikia akimpa, nasema shikamoo, na upande wa pili nasikia kuku tu. Hakuitikia hata siku moja. Nilichokuwa nakitafuta safari hii ni marahaba yake.

Nilimpigia Mwanasiti kabla ya kutoka.

"Baba ana baiskeli siku hizi?"

"Hana."

"Basi namletea moja. Nzuri, ya Ulaya."

Nikasikia akifunga mlango kwanza.

"Haya. Njoo nayo," akasema.

"Lakini mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Sote wazima."

Jambo moja zaidi ndipo tuondoke. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kabla ya kuendesha alinifundisha kushuka. Mtu mzima hasalimiwi na aliye juu ya baiskeli. Ukimwona unashuka, unasimama kwa miguu miwili, ndipo unasema shikamoo. Alikuwa akinizungusha kijiji kizima, nikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kwa kila kikongwe aliyekuwa nje. Mazoea hayo ninayo hadi leo. Sikuwa nimefikiria kuna wazee wangapi kati ya Kwale na Lunga Lunga.

Kwale hadi Kombani

Mteremko ule mnaujua kwa gari. Kwa baiskeli ile nilishuka kama jiwe. Upepo ulinitoa machozi, na miguu yote miwili ilikuwa imefungwa, nikiwaza kwamba akitokea ng'ombe barabarani tutakufa watatu: mimi, ng'ombe na baiskeli.

Wazee wa mwanzo walikuwa kushoto, kwa hiyo mambo yalikwenda sawa. Natoa mguu wa kushoto, nasimama, nasalimia, napanda. Nilianza kujiona fundi. Kombani, karibu na njia panda, bibi mmoja aliyekuwa anauza maembe mabichi ya pilipili aliniita kutoka kulia.

"Kijana, hicho ni nini umepanda?"

Niligeuka kwa heshima zangu zote. Mwili ulikwenda kulia, baiskeli ikaufuata, na mguu wa kulia haukutoka. Nilianguka miguuni pake pamoja na baiskeli, bado tumefungana.

"Shikamoo, bibi," nikasema kutoka chini.

"Marahaba. Mbona unalala?"

Nilianza kupiga mateke ili kisigino kizunguke. Hapo ndipo balaa lilipoingia. Watu waliona kijana ameanguka ghafla, anatupa miguu, macho yamemtoka. Mtu akasema kifafa. Wanaume wawili wakanishika miguu wakaikaza, mmoja akanikalia mapaja. Mwanamke akaja na kitunguu kilichokatwa, akakibana puani mwangu.

"Nusa, mwanangu, nusa."

"Siumwi. Niachieni miguu."

"Wote husema hivyo," akasema aliyenikalia.

Kadiri walivyonikaza ndivyo kisigino kilivyoshindwa kuzunguka, na kadiri nilivyoshindwa ndivyo nilivyotupa miguu. Nililia kwa kitunguu, wakasema afadhali, anarudi. Nilitulia kabisa, nikafumba macho, nikasubiri waridhike. Waliponiachia nilitoa mguu wa kushoto, kisha nikavua kiatu cha kulia kikabaki kwenye pedali. Bibi akakitazama kile kiatu kinachoning'inia bila mtu.

"Sasa hicho nacho kina kifafa?" akauliza.

Alinipa embe nile nirudishe nguvu, akanikataza kupanda tena siku ile. Nilikokota baiskeli mpaka nilipojua hanioni.

Kombani hadi Ukunda

Ukunda nilisimama kwa fundi wa baiskeli aliye nyuma ya soko, mtu mwembamba anayeongea bila kukutazama. Vijana wa bodaboda walijaa mara moja.

"Msee, hizo viatu ziko na lock?"

"Bro, hiyo ni baiskeli ama ni mtego wa panya?"

Fundi aligeuza viatu vyangu akavitazama soli. Kichuma cha kulia kilikuwa kizima, kimekaza barabara. Cha kushoto kilikuwa kimelika, na skrubu zake zinacheza.

"Wewe unashukia upande mmoja tu," akasema.

"Umejuaje?"

"Si naona. Mguu huu unafanya kazi ya miwili. Moja ya skrubu hizi ikitoka, kiatu kitazunguka kwenye iliyobaki na kichuma kitabaki palepale. Utazungusha kisigino mpaka uchoke."

Alitafuta kifunguo cha pembe sita cha kuzikazia, akamwaga kopo zima la vifaa, akakosa. Vyote alivyokuwa navyo vilikuwa vikubwa. Alimtuma mtu kwa fundi mwenzake, tukangoja hadi nikamaliza sahani ya viazi vya karai na juisi ya ukwaju, jibu likaja kwamba mwenzake ameenda mazikoni.

"Jifunze wa kulia," akaniambia. "Hapa, sasa hivi. Egemea huo ukuta."

Ukuta ulikuwepo. Nafasi ilikuwepo. Lakini vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja nianguke, na mmoja alikuwa ameshatoa simu kunipiga video. Nikamwambia fundi nitajifunzia njiani. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile najishangaa.

Ukunda hadi Gazi

Mvua ilinikuta baada ya Mwabungo, nzito, ya kukuziba macho. Nilifika Gazi magharibi inaadhiniwa, nimelowa chapachapa, nikaona baraza pana yenye taa ndogo. Nikatoa mguu wa kushoto, nikashuka, nikapanda baraza.

Hapa lazima mwelewe sauti. Vichuma vile kwenye sakafu ya saruji hulia ko, ko, ko. Ndani ya nyumba, mama mmoja aliyeitwa Mama Mishi alikuwa anakoroga mchuzi. Alisikia kwato barazani, saa ile ya magharibi, mvua inanyesha, wala hakuna aliyebisha hodi. Na ninyi watoto wa Pwani mnajua ni jini gani anayetembea kwa kwato saa kama ile, na ana uso mzuri, na anakuja milangoni mwa watu.

Nilisikia mwiko ukianguka. Kisha nikasikia akijikinga kwa Ayatul Kursi, kwa sauti ya juu, kutoka mwanzo.

"Hodi, mama," nikasema.

Akasoma kwa kasi zaidi.

"Mimi mtu, mama. Mimi msafiri."

"Onyesha miguu," akasema nyuma ya mlango.

Hilo ndilo jambo ambalo sikuweza kulifanya kwa furaha. Nilirudi nyuma hatua moja, ko, na mlango wa pili ukafungwa kwa komeo. Mwishowe nilikaa chini, nikavua viatu, nikapitisha miguu yangu mitupu chini ya mwanga wa taa, vidole vyote kumi. Mlango ulifunguka kidogo. Jicho moja lilihesabu.

"Astaghfirullahi," akasema. "Nani amekuvisha chuma?"

Alinipa khanga kavu nijifunge na wali wa nazi na mchuzi wa papa, akacheka mpaka akakaa chini, halafu ghafla akaviangalia tena vile viatu. Viatu vililala nje. Alisema mimi ni mgeni wake ila hivyo siyo.

Asubuhi aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia Mzee Hamisi wa samaki, wa Lunga Lunga, nampelekea baiskeli hii. Alimjua, wamewahi kununua samaki pamoja Vanga.

"Hamisi?" akasema. "Unampelekea baiskeli Hamisi?"

"Ndiyo. Ni babangu."

Alifunga mahamri manne kwenye karatasi polepole mno.

"Haya, mwanangu. Mungu akufikishe."

Nilidhani anasikitikia barabara.

Gazi hadi Ramisi

Msambweni nilikunywa chai ya tangawizi karibu na hospitali, kwa mzee mwenye kofia iliyodariziwa aliyeuliza maswali mengi kuliko mimi, na mimi mnanijua. Nilipotaja jina la baba aliweka birika chini.

"Namfahamu. Alikaa hapa miezi miwili, mwaka juzi. Dada yako alikuwa akija kwangu kuchukua uji."

"Alilazwa? Alikuwa anaumwa nini?"

"Amepona. Hajambo kabisa."

"Mzee wangu, nakuuliza alikuwa anaumwa nini."

"Ya nyumbani kwenu utaambiwa na wenyewe," akasema, akanijazia kikombe ambacho sikuwa nimemaliza.

Nilimpigia Mwanasiti, hakupokea. Kutoka hapo sikuona barabara. Miezi miwili, na mimi niliambiwa sote wazima. Nilikanyaga kwa hasira, nikashukia wazee wa kushoto kwa hasira, nikapita daraja la Ramisi bila hata kuutazama mto. Nilikuwa nadhani ni kifua, au moyo. Nilijiambia muuza samaki mwenye kifua kibovu ataifurahia baiskeli nyepesi.

Ramisi hadi nyumbani

Nilishapita njia ya Shimoni zamani nilipomwona mzee ameketi kushoto na mbuzi wake. Nikazungusha kisigino. Kiatu kikazunguka vizuri, bila kizuizi chochote, na mguu haukutoka. Nikazungusha tena. Skrubu moja ilikuwa imedondoka mahali fulani nyuma yangu, kichuma kimeng'ang'ania ndani ya pedali, na kiatu kinazunguka kwenye ile iliyobaki. Yule fundi alikuwa ameniambia neno kwa neno.

Nilimpita mzee nikiwa juu.

"Shikamoo," nikampigia kelele.

Hakuitika. Nilisikia akimwambia mbuzi, au mtu ambaye sikumwona, "Watoto wa siku hizi wanatupa salamu kama maganda."

Nilijaribu kuinama nifungue mkanda wa kiatu. Baiskeli ikaenda mrama mbele ya lori la mpakani, dereva akapiga honi mpaka ikanitetemesha meno. Nikaacha. Nilijaribu wa kulia: nazungusha, naogopa, nauacha. Mguu haukujua. Kwa hiyo niliendelea kukanyaga, sina pa kushukia, nikiwapita wazee waliokuwa wakinijua tangu nikiwa na kaptula ya shule, nikiwatupia shikamoo kutoka juu, mmoja baada ya mwingine. Miaka kumi na minne sijaonekana, na niliporudi niliingia kijijini hivyo.

Baba alikuwa barazani, amekaa kwenye benchi, kikoi kimemfunika magoti. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilifunga breki mbele yake. Kushoto hakukutoka, kulia hakukutoka. Nilisimama hewani kwa muda ambao ulinitosha kumtazama usoni, kisha nikaanguka upande wa kulia, goti kwenye jiwe. Hiyo ndiyo bandeji mnayoiona.

"Shikamoo, baba."

Hakujibu. Lakini alishtuka kunisaidia, aliinuka kama mtu yeyote anavyoinuka mtoto wake akianguka, na kikoi kikaanguka upande mmoja bila kuzuiwa na chochote. Chini ya goti la kushoto hapakuwa na kitu. Alishika nguzo kwa mkono asianguke.

Mimi nilikuwa chini, nimefungwa miguu yote miwili kwenye baiskeli niliyomletea zawadi. Nililitazama pengo lile, nikaitazama baiskeli, nikatamani wale watu wa Kombani waje wanizibe uso kwa kitunguu.

Baba alichukua gongo lake, akaja akirukaruka, akakaa mchangani karibu yangu.

"Umekwama?"

"Nimekwama."

Alinifungulia mikanda ya viatu, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia. Viatu vikabaki kwenye pedali. Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ulikuwa ukiuliza, mzima? Naye ni mzima. Sukari ilikula mguu, haikumla yeye. Tena alinikataza."

"Nilimkataza," akasema baba, akikizungusha kiatu cha kushoto palepale kwenye pedali, akitazama kisivyotoka. "Nilitaka uje kwa kutaka mwenyewe. Si kwa kuuhurumia mguu."

Shikamoo yangu aliiacha hapohapo mchangani. Tulikula ugali na samaki wa kukaanga, tukazungumza mvua na bei ya chumvi, hakuitaja.

Asubuhi yake

Nilipoamka niliikuta baiskeli imeegemezwa kwenye nguzo ya baraza, na baba amekaa kando yake. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha kulia. Mwanasiti alisimama na jembe mkononi, uso umekunjamana.

"Mwambie," akaniambia. "Mwambie aache."

Baba hakumtazama. "Nieleze hiki kinavyofunga."

Nikamweleza. Alisikiliza kama anavyosikiliza bei.

"Kwa hiyo mguu ukifungwa, unaweza kusukuma chini, na ukivuta juu, pedali inakuja nao?"

"Inakuja."

"Basi huu ni mguu mmoja unaofanya kazi ya miwili."

"Baba, kushuka ni kwa huohuo. Upande wa kulia. Mimi mwenyewe sijaweza."

"Wewe unao wa kuchagua," akasema. "Mimi ninao huu. Nipandishe."

Alianguka mara mbili. Mara ya kwanza Mwanasiti alilia, mara ya pili alitutukana sote. Nilimshika chini ya kiti kama alivyonishika mimi, nikakimbia kando yake na goti langu linalovuja damu, nikimwambia kisigino nje, kisigino nje. Mara ya tatu alizungusha, tak, akautoa mguu wa kulia, akausimamisha ardhini kana kwamba amefanya hivyo maisha yake yote. Alinitazama kuona kama nimeona.

"Tena," akasema.

Nikasukuma. Baiskeli ikashika mwendo, ule mguu mmoja ukaenda chini na kurudi juu, chini na kurudi juu, na mahali fulani mkono wangu haukuwa tena kwenye kiti. Nilibaki nimesimama katikati ya njia. Alikwenda hadi kwenye duka la pembeni, watu wakatoka nje. Akageuza kwa upana. Alikuwa anarudi kwangu, kikoi kimepigwa na upepo, uso umekaza.

Nilisogea pembeni, nikasimama kwa miguu yangu miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema akinipita, wala hakushuka.